Damu ya Bukoba, Shahada ya Umeå

Mwaka 1987 timu ya watafiti ilipita nyumba kwa nyumba mkoani Kagera ikiomba watu damu. Ilipita mitaa ya Bukoba mjini, ikaingia vijijini Bukoba na Muleba, ikafika Karagwe, Ngara na Biharamulo. Ilikuwa miaka minne tangu wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania watambuliwe, na walitambuliwa hapahapa Kagera. Ugonjwa wenyewe watu walikuwa wakiuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Dawa haikuwapo. Mtafiti aliyebisha hodi na sindano hakuwa na kidonge cha kukuachia, wala neno la uhakika kuhusu kesho yako. Hata hivyo, watu wazima zaidi ya elfu mbili walikunja mikono ya mashati wakatoa damu.

Majibu yalitisha. Bukoba mjini, watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Vijijini Bukoba na Muleba walikuwa 10 katika kila 100. Upande wa Karagwe ilikuwa asilimia 4.5, na kusini, Ngara na Biharamulo, asilimia 0.4 tu. Kabla ya hapo kila kijiji kilikuwa na maelezo yake: huyu karogwa, yule kadhulumu mali ya magendo. Sasa mkoa ulikuwa na ramani. Ilijulikana moto unawaka wapi zaidi, na wapi bado kuna nafasi ya kuuzuia usifike.

Walioifanya kazi ile walikuwa Watanzania na Waswidi. Kwa upande wetu walikuwamo Dk. Japhet Killewo na Profesa Fred Mhalu wa Muhimbili, chuo cha tiba cha Dar es Salaam, pamoja na Dk. Klinton Nyamuryekung'e. Kwa upande wa Uswidi walikuwamo Stig Wall, Anita Sandström na Gunnel Biberfeld. Mwaka 1994 Killewo alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Uswidi, akatunukiwa shahada ya uzamivu. Tasnifu ilihusu UKIMWI na Kagera. Daktari Mtanzania alikwenda hadi nchi ya theluji kusomea ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa Bukoba, na kila aliporudi nyumbani alirudi kwenye swali lilelile.

Kila mwaka serikali, mashirika na vyuo vya nchi tajiri hutangaza nafasi za masomo kwa madaktari wa nchi zetu. Zipo za miezi mitatu, zipo za miaka mitano. Wanaoondoka hupongezwa, na wanaostahili pongezi ni wengi. Lakini ni nadra kusikia likiulizwa swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: daktari huyu anakwenda kusomea ugonjwa wa nani, na akirudi atautibu wapi? Kagera imekuwa ikilijibu swali hilo kwa vitendo kwa karibu miaka 40, na majibu yake yanapaswa kusomwa Dodoma kama yanavyopaswa kusomwa Stockholm na London.

Kwenda na kurudi

Tanzania na Uswidi zilianza ushirikiano wao wa utafiti wa UKIMWI mwaka 1986, kwa fedha za SAREC, taasisi ya serikali ya Uswidi iliyosimamia ushirikiano wa utafiti na nchi zinazoendelea, ambayo baadaye iliunganishwa na Sida. Kagera ikapata mradi wake, uliojulikana kwa kifupi kama KARP. Ndani ya mradi huo ndimo madaktari wa Muhimbili walimosomea.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na busara ambayo bado haijapata sifa inayostahili. Daktari hakuhamia Uswidi. Alibaki mwajiriwa wa chuo chake nyumbani. Alikwenda Umeå kwa miezi kadhaa kusoma takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia ugonjwa unavyosambaa katika jamii, kisha akarudi Kagera kukusanya taarifa zake. Alipokuwa nazo mkononi alikwenda tena Umeå kuzichambua pamoja na msimamizi wake, na mzunguko ukaendelea hivyo hadi shahada. Wenyewe waliuita mtindo wa sandwichi. Umeå iliutumia pia kwa wasomi wa Ethiopia na Vietnam, na kila mmoja wao alikwenda na swali la kwao.

Mtu anaweza kudhani tofauti kati ya mtindo huu na kwenda kukaa miaka minne mfululizo ni ya ratiba tu. Sivyo. Daktari anayekaa ughaibuni miaka minne husoma kwa kutumia wagonjwa wa kule, vipimo vya kule na magonjwa ya kule. Mwaka wa pili familia imemfuata, mwaka wa tatu mtoto ameanza shule na anazungumza lugha ya wenyeji, na mwaka wa nne hospitali ya kule inamfahamu kwa jina na inamtaka. Akirudi nyumbani anakuta mashine aliyoizoea haipo, nafasi yake amepewa mwingine, na ugonjwa aliousomea hauonekani wodini. Kumlaumu mtu huyo kwa kukosa uzalendo ni kumwonea. Mpango wenyewe ndio uliomng'oa. Mtindo wa kwenda na kurudi unamwacha na mizizi yake: kazi yake inamsubiri, taarifa zake ziko Muleba, na shahada haiwezi kukamilika bila yeye kurudi. Msimamizi wake Mzungu naye hana budi kuja Bukoba, akaone kwa macho yake kile anachokisahihisha kwenye karatasi.

Faida kubwa zaidi ilionekana baadaye. Daktari mwingine wa Muhimbili, Gideon Kwesigabo, aliupokea mzigo pale ulipoachwa. Yeye na wenzake walirudi kwenye maeneo yaleyale na kupima tena. Bukoba mjini, kiwango cha maambukizi kilishuka kutoka asilimia 24 mwaka 1987 hadi 18 mwaka 1993, kisha 13 mwaka 1996. Muleba kilishuka kutoka asilimia 10 hadi 6.8 mwaka 1996, na hadi 4.3 mwaka 1999. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida nchini, kwa hiyo mteremko ule haukuletwa na vidonge. Kwesigabo aliwasilisha tasnifu yake Umeå mwaka 2001. Wakati sehemu nyingi za Afrika zilipokuwa zikikata tamaa, Kagera ilikuwa na ushahidi wa kisayansi kwamba watu wanaweza kubadilika na ugonjwa ukarudi nyuma.

Ushahidi ule uliwezekana kwa sababu kulikuwa na kipimo cha kwanza cha kulinganishia, na kulikuwa na wataalamu wa nyumbani ambao hawakuondoka mradi ulipofika mwisho wa awamu yake. Mtaalamu mgeni angepima mara moja akaandika makala yake na kuhamia nchi nyingine. Nani angerudi Muleba mwaka 1999?

Jambo jingine linanigusa katika kazi ile. Walipotaka kueleza kwa nini maambukizi yalishuka, madaktari hawakuishia kwenye maabara. Waliwaita wanazuoni wa jamii na wa lugha. Miongoni mwa walioandika uchambuzi huo ni Profesa Joe Lugalla, mtaalamu wa elimu ya jamii, na Aldin Mutembei, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa riwaya ya Kisiki Kikavu. Mutembei alikuwa ameandika tasnifu yake Leiden, Uholanzi, kuhusu ushairi simulizi wa Wahaya na jinsi ulivyouzungumzia UKIMWI. Walichogundua vijijini ni mambo ambayo damu haisemi: hofu iliyotokana na misiba isiyokwisha, wajane kuacha kurithiwa, vijana kwenda kupima kabla ya ndoa, kondomu kuanza kutajwa bila haya. Daktari aliyesomea epidemiolojia Ulaya akakaa meza moja na mtu aliyesomea nyimbo za Wahaya. Ningependa kila programu ya mafunzo ya kimataifa iige hilo.

Kutoka Makerere hadi Bugando

Safari ya masomo ya udaktari si jambo geni kwa watu wa ziwa hili. Kabla ya uhuru, kijana wa Bukoba aliyetaka kuwa daktari alitazama kaskazini, Makerere, ambako shule ya tiba ilianza miaka ya 1920 karibu na Hospitali ya Mulago. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wake wazalendo walikuwa 12 tu. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na mwaka huohuo nchi ikaanza kuwafundisha madaktari wasaidizi, waganga wenye uzoefu walioongezewa elimu ya kutibu na kupasua. Vijana wengine walipelekwa Urusi, Hungary, Ujerumani, Kuba, China na India. Profesa Philemon Sarungi, aliyekuja kuwa daktari bingwa wa mifupa na waziri, alisomea Hungary. Nchi ilikuwa changa na haikuwa na namna nyingine.

Kwa mgonjwa wa Kagera, jina kubwa ni Bugando. Hospitali hiyo ya Mwanza ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miaka mingi imekuwa hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa. Mgonjwa kutoka Muleba aliyeshindikana Bukoba hupelekwa huko, ama kwa barabara kuzunguka ziwa, ama kwa meli kutoka Kemondo au Bukoba, safari ya usiku kucha. Chuo kikuu cha Bugando kimepata nguvu kwa ushirikiano wa miaka mingi na Weill Cornell ya New York, ambayo walimu wake huja kufundisha wodini Mwanza badala ya kusubiri wanafunzi waende kwao. Mpango mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 2010 kwa ajili ya vyuo vya tiba vya Afrika, MEPI, nao uliipa fedha KCMC ya Moshi moja kwa moja, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke. Fedha ziliingia kwanza kwa chuo cha Kiafrika, kisha mshirika wa Marekani akaalikwa. Zamani ilikuwa kinyume.

Sisemi hakuna haja ya kupanda ndege. Zipo fani ambazo huwezi kuzijifunza mahali ambapo hazijawahi kufanyika. Daktari wa Bugando, Godwin Godfrey, alikwenda Israel kwa ufadhili wa shirika la Save a Child's Heart, akasomea upasuaji wa moyo wa watoto katika hospitali ya Wolfson kwa miaka kadhaa. Huwezi kumfundisha mtu kufungua kifua cha mtoto kwa kumwonyesha vitabu. Lakini hata hapo, shirika lililompeleka lilikuwa na nia iliyoelezwa wazi tangu mwanzo: arudi awapasue watoto wa Tanzania. Naye alirudi.

Tatizo ni kwamba nia njema haitoshi pale soko linapokuvuta. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwongozo wa kimataifa wa kuajiri watumishi wa afya mwaka 2010, na mwaka 2023 lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa ambazo nchi tajiri hazipaswi kwenda kuwinda watumishi wake. Tanzania imo. Orodha hiyo haimkatazi daktari kuondoka kwa hiari yake, na haipaswi kumkataza. Ila inawakumbusha wanaoajiri kwamba kumpoteza daktari mmoja wa Kagera ni hasara kubwa kuliko wanavyodhani.

Na sisi wenyewe tuna la kujibu. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500 baada ya mgomo wa madaktari wa huko. Kesi ilipofunguliwa Kenya na mpango ukasimama, Rais John Magufuli aliagiza waombaji 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe nyumbani mara moja. Walikuwepo wakati wote ule, wamesoma, wanasubiri. Nchi yenye wodi zisizo na madaktari na madaktari wasio na ajira haiwezi kulaumu Ulaya peke yake.

Mbu wa Muleba, virusi vya Maruku

Turudi Kagera. Muleba ni wilaya ya milima na migomba, na kwa malaria ni wilaya inayojulikana duniani kote. Ilipata mlipuko mkali mwaka 2006, na mwaka uliofuata upuliziaji wa dawa ya ukoko majumbani ukaanza. Baada ya muda mbu wakaanza kuizoea dawa iliyokuwa kwenye vyandarua. Hapo ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha KCMC, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, na chuo cha usafi na tiba za tropiki cha London walipoamua kujaribu aina mpya ya chandarua. Aina hiyo imeongezwa kemikali ya PBO, inayomnyang'anya mbu uwezo wa kuivunja sumu. Vijiji viligawanywa katika makundi 48, familia zikapewa vyandarua mwaka 2015, na watoto wakapimwa damu kwa miaka miwili.

Maambukizi kwa watoto waliolala ndani ya vyandarua vipya yalipungua kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na 33 mwaka wa pili, ukilinganisha na vile vya kawaida. Shirika la Afya Duniani halikusubiri. Mwaka 2017, kwa ushahidi huo wa Muleba, lilipendekeza vyandarua hivyo kwa maeneo yenye mbu sugu. Leo mtoto wa Kongo au Nigeria analala ndani ya chandarua kilichothibitishwa kwa damu ya mtoto wa Muleba.

Kwa habari ya mafunzo, fuatilia jina moja katika orodha ya waandishi wa utafiti ule: Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza. Katika jaribio la Muleba alikuwa mmoja wa timu iliyoongozwa na Natacha Protopopoff wa chuo cha London. Miaka michache baadaye jaribio lingine kubwa la vyandarua lilifanyika Misungwi, mkoani Mwanza, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2022 jina la kwanza lilikuwa la Mosha. Mosha hakuhama ili apande cheo. Alipanda kwa kufanya kazi nchini mwake, pamoja na watu waliokuwa tayari kumwachia usukani.

Kisha ikaja Marburg. Machi 2023 watu wa familia moja walianza kufa katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Mgonjwa wa kwanza aliyefuatiliwa alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Sampuli zilikwenda maabara ya taifa Dar es Salaam, na tarehe 21 Machi waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza jina la ugonjwa. Waliougua walikuwa tisa, wakafa sita, mmoja wao mtumishi wa afya. Watu 212 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walifuatiliwa. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha.

Watu sita waliofariki ni wengi mno kwa familia zao, na simaanishi kuupunguza msiba huo. Lakini Marburg ni ugonjwa ambao Angola, mwaka 2005, uliua zaidi ya watu 200. Kagera ulizuiwa ukiwa bado kwenye kata mbili. Sehemu ya maelezo ni kwamba mkoa ulikuwa umejiandaa miezi michache kabla, Ebola ilipolipuka Uganda Septemba 2022. Sehemu nyingine ni mafunzo ambayo hayapigiwi picha uwanja wa ndege. Tangu mwaka 2008 Wizara ya Afya na Muhimbili, kwa msaada wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, zimekuwa zikiendesha programu ya epidemiolojia ya vitendo na maabara. Mwanafunzi wake hukaa darasani kwa muda mfupi, na muda mwingi yuko wilayani akichunguza milipuko halisi chini ya msimamizi. Utaratibu ulitoka Marekani, ila darasa ni Tanzania. Homa isiyojulikana ilipotokea Maruku, walikuwepo Watanzania waliokwisha kujua cha kufanya: nani apimwe, nani atengwe, nani afuatwe kila siku kwa siku 21.

Marburg yenyewe inafundisha kitu kuhusu jinsi ulimwengu unavyogawana elimu na maradhi. Ilitambuliwa mwaka 1967 katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade, kwa wafanyakazi wa maabara walioshika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Waliougua walikuwa 31, wakafa saba. Mnyama alitoka ukanda huu wa ziwa, wataalamu walikuwa Ulaya. Ilichukua miongo kadhaa hadi mtaalamu wa ukanda huuhuu awe ndiye wa kwanza kufika.

Zamu ya Rubya

Hadi hapa nimesifu, na nimesifu kwa dhati. Sasa niseme kinachonikera.

Ukitoka Bukoba kuelekea Muleba, ukapita Kemondo na Muhutwe, unaingia katika eneo ambalo limewapa wataalamu wa dunia taarifa nyingi kuliko wilaya nyingi za Afrika Mashariki. Kuna Ndolage ya Walutheri kule Kamachumu, kuna Kagondo na Rubya za Wakatoliki. Rubya kwa miaka mingi ilibeba mzigo wa hospitali teule ya wilaya. Ni hospitali zilizojengwa kwa imani na jasho, zenye vyuo vya uuguzi na historia ndefu. Lakini shahada zilizotokana na damu ya Bukoba na Muleba zimejaa zaidi Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Mama wa kisiwa cha Bumbire anayepata uchungu pingamizi usiku hamhitaji mtu mwenye shahada ya uzamivu ya Umeå. Anamhitaji mtu wa kumpasua, na mara nyingi mtu huyo amekuwa daktari msaidizi aliyesomea Tanzania.

Njia ya kuliziba pengo hilo ipo na imejaribiwa. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999, na makao yake ni Arusha. Hakina jengo la kulala wanafunzi. Daktari anayesomea ubingwa hubaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, akipasua chini ya bingwa aliyeko pale, na mitihani ni ya kanda nzima. Chuo cha kifalme cha madaktari wa upasuaji cha Ireland, kilichoko Dublin, kimekuwa mshirika wake tangu mwaka 2007. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mabingwa wa upasuaji waliosomea katika ukanda huu ulionyesha kwamba takriban asilimia 85 walibaki katika nchi walizosomea, na zaidi ya asilimia 90 walibaki Afrika. Ukimfundisha mtu mahali anapohitajika, hubaki. Nambari hizo ningependa zibandikwe ukutani katika kila ofisi inayotoa nafasi za masomo.

Serikali imeanza kupeleka kambi za madaktari bingwa wilayani, na watu wanajitokeza kwa wingi, kuonyesha kiu iliyopo. Ni jambo jema. Hata hivyo, kambi ina siku ya kufunga mahema. Bingwa anayekaa wiki moja akapasua wagonjwa 20 anafanya kazi ya heshima. Bingwa anayekaa Rubya miaka mitatu akiwa na wanafunzi wawili wa COSECSA nyuma yake anaibadilisha wilaya.

Tena muda haupo upande wetu. Tarehe 20 Januari 2025, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Marburg imerudi Kagera, safari hii Biharamulo. Siku hiyohiyo, Washington, rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kuitoa nchi yake katika shirika hilo na nyingine ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Wagonjwa 10 wa Biharamulo, waliothibitishwa na waliodhaniwa, wote walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kwisha Machi 13. Programu nyingi za mafunzo nilizozitaja hapa zilijengwa juu ya fedha za Marekani na Uswidi. Fedha za wengine huondoka kwa saini moja, na hatuna sababu ya kushangaa. Tunapaswa kuwa tumejifunza kuziendesha wenyewe kabla hazijaondoka.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, NIMR, na kamati zinazoidhinisha utafiti wa tiba nchini zifanye jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Mradi wowote wa kimataifa unaoomba kibali cha kuchukua sampuli Bukoba, Muleba au wilaya nyingine yoyote, uandike kwenye ombi lake jina la hospitali ya wilaya hiyo ambayo daktari wake, mwajiriwa wa hapo, atasomeshwa ndani ya mradi huo hadi shahada au ubingwa, na arudi palepale. Usipoandika, usipewe kibali. Na kwa vyuo vya Umeå, London, New York na Dublin, ambavyo vimekuwa marafiki wa kweli wa mkoa huu: mje na walimu wenu Rubya, Ndolage na Kagondo. Wanafunzi wapo, na wagonjwa wamesubiri vya kutosha.